Makaratasi ya Ziwa Yako Wapi?

Mtu anayetaka kujua mitumbwi ya Ujiji ilibeba nini katika mwaka 1879, na pepo za Ziwa Tanganyika zilimsumbuaje baharia wa siku zile, halazimiki kuja Ujiji. Safari yake itakuwa ya London. Huko, katika hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu kiitwacho SOAS, zimewekwa tangu mwaka 1973 barua na taarifa za Chama cha Misheni cha London, na miongoni mwake yamo maandishi ya Edward Coode Hore, aliyewasili Ujiji mwezi Agosti 1878. Hore alikuwa nahodha wa bahari kabla hajawa mmisionari, na tabia ya unahodha haikumtoka. Kila alipopita alipima, alichora na kuandika. Kitabu chake juu ya miaka 11 aliyoishi pande hizi kilichapwa mwaka 1892, lakini kitabu ni ufupisho tu. Mengi yamo katika zile barua.

Katika hifadhi hiyo hiyo ziko tenzi za Kiswahili zilizokusanywa na William Taylor na William Hichens, nyingi zikiwa katika khati za Kiarabu. Ziko pia barua za kibiashara za William Mackinnon, tajiri wa meli za British India, ambaye meli zake zilifika Unguja na kuifunga pwani yetu kwa kamba za biashara ya Kiingereza. Meli, sala na mashairi vyote vimelala chini ya paa moja, na msomaji aliyeketi pale huweza kuagiza kimoja asubuhi na kingine alasiri.

Hatuyasemi haya kwa husuda. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha jinsi hifadhi ya nyaraka inavyofanya kazi, jambo ambalo wengi wetu, hata sisi tunaojiita viongozi, hatujalielewa barabara. Stakabadhi moja ya chumvi ya Uvinza haimwambii mtu kitu. Lakini ziweke stakabadhi hizo karibu na daftari la nahodha aliyeipakia chumvi ile, na karibu na daftari hilo uliweke shairi lililotungwa kumkejeli mfanyabiashara aliyeiuza, na karibu na shairi iwekwe orodha ya wachezaji wa ngoma walioliimba usiku wa harusi. Hapo mji mzima huanza kusema. Kwa hiyo kazi ya mhifadhi nyaraka haianzi kwa kuchagua makaratasi yenye heshima. Inaanza kwa kukataa kutupa yale yasiyo na heshima.

Nasi tunayo hifadhi yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU katika Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiotimia ishirini. Jambo hili hutupa fahari sisi makada, na tunaomba tusamehewe tukilirudia. Katika maktaba yake, ambayo jengo lake jipya lilifunguliwa mwaka 2018, imo sehemu inayohifadhi maandishi ya Afrika Mashariki. Humo yamo makaratasi ya Hans Cory, aliyekuwa mchunguzi wa mila wa serikali ya kikoloni. Humo pia umo mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, ambao orodha yake iliandikwa na J. W. T. Allen na kuchapwa mwaka 1970. Allen alibisha hodi nyumba kwa nyumba, akaketi na wazee na mabibi, akaonyeshwa tenzi zilizofungwa kwenye vitambaa juu ya makabati. Asilimia kubwa ya aliyoyapata yalitoka pwani na visiwani, na hilo si la kumlaumu mtu mmoja. Lakini bara pia kulikuwa na makabati, na Ujiji ni mji wa Waswahili waliosoma chuoni tangu zamani za misafara. Nani alibisha hodi Kitongoni na Kasingirima?

Tuanze na vyombo vya majini, maana Ziwa ndilo lililotuzaa. Hakuna mtoto wa Kigoma asiyejua habari za Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa kwa reli na kuunganishwa hapa Kigoma. Iliteremshwa majini mwezi Februari 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ililo nalo leo. Habari hizi zimewatajirisha waandishi. Mwingereza C. S. Forester aliandika mwaka 1935 hadithi iliyotokana na vita vya Ziwa hili, nayo ikafanywa sinema mwaka 1951. Giles Foden akaandika juu ya vita hivyo mwaka 2004, na Alex Capus wa Uswisi akaandika riwaya mwaka 2007. Wote wamefanya kazi, nasi tunawapongeza. Lakini ni nadra sana katika habari za meli hii kumkuta mchukuzi aliyebeba vyuma vyake, au mchochea moto aliyeilisha kuni, akiwa na jina lake, kijiji chake na neno alilolisema.

Majina hayo yangepatikana wapi? Yangepatikana katika vitabu vya mishahara, katika hati za mizigo, katika daftari la mhasibu wa bandarini. Hata mambo ya juzi yamo katika hatari ileile. Mwaka 1997, baada ya kuanguka kwa Mobutu, Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira kwa muda wa miezi mitano, ikawarudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ilikwenda tena Kagunga kuwachukua Warundi waliokuwa wamekusanyika ufukoni, ikawaleta Kigoma mamia kwa mamia kila safari. Mabaharia waliofanya kazi hiyo bado tunakutana nao msikitini na sokoni. Ukiwauliza watakusimulia habari za mama aliyejifungua melini, na za mzee aliyekataa kupanda mpaka mbuzi wake apandishwe kwanza. Lakini ukimwuliza mwananchi wa hapa aende wapi kutazama orodha za abiria wa safari zile, atakutazama wewe. Na hapo hatujaitaja MV Mwongozo, meli ambayo jina lake humkumbusha kada yeyote waraka wa TANU wa mwaka 1971, wala hatujazitaja boti za mbao zinazotia nanga Kibirizi, ambazo kumbukumbu zake zote zimo katika daftari la kurasa 96 lililofungwa kwa mpira mfukoni mwa nahodha. Humo mna deni la mafuta, mgawo wa dagaa na migebuka, na usiku wa mbalamwezi ambao hakuna aliyevua.

Nyaraka za michezo ya kuigiza ni shida zaidi, kwa sababu mchezo hufa taa zinapozimwa. *Kinjeketile* wa Ebrahim Hussein uliandikwa na kuchapwa mwaka 1969, kwa hiyo shule yoyote inaweza kuuchukua na kuucheza kesho. Lakini itazame kazi waliyoifanya Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipowashirikisha wanakijiji kutafiti na kuigiza matatizo yao wenyewe, likiwamo lile la wasichana kupachikwa mimba. Michezo ile haikuwa na kitabu. Ilitungwa uwanjani na kuishia uwanjani. Tunaijua leo kwa sababu waliokuwapo waliandika, na mwaka 1991 Mlama akachapa kitabu kizima juu ya njia hiyo ya kazi. Bila kalamu yao, Malya ingebaki katika vichwa vya watu, na vichwa huzeeka.

Hapa kwetu tumecheza na kuimba mengi ambayo hayakupata kalamu. Kabla ya Uhuru miji ya Tanganyika ilijaa beni, Marini wakishindana na Arinoti, kila upande ukiwa na wafalme na majenerali wake wa kubuni; Terence Ranger, aliyepata kufundisha Dar es Salaam, alizitolea kitabu mwaka 1975. Baada ya Azimio la Arusha zikaja ngonjera. Mathias Mnyampala alizichapa mwaka 1970 na 1971, lakini zile za Mnyampala zilikuwa kama mbegu. Kila shule ilipanda zake. Sisi tuliokuwa shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka vizuri: siku mbili kabla ya Sabasaba mwalimu huketi na taa ya chemli, asubuhi hutugawia mistari, wewe mkulima, wewe mlanguzi, wewe mzee asiyetaka kwenda kisomo cha watu wazima. Tukasimama juani tumevaa majani ya migomba, wazazi wakacheka mpaka machozi. Yule mlanguzi siku zote ndiye aliyepigiwa makofi mengi, jambo ambalo viongozi wa wakati ule walilitazama kwa mashaka kidogo.

Yalikwenda wapi makaratasi yale? Kwa sehemu jibu tunalo, na ni jibu la aibu, maana mkosaji ni sisi. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kusafisha ofisi ya tawi moja, tukajaza magunia matatu ya makaratasi ya zamani, tukaona ni takataka. Kijana mmoja akaomba ayachukue, tukamshukuru kwa kutuondolea kazi. Wiki moja baadaye tulinunua maandazi barabarani, na karatasi iliyofungiwa maandazi hayo ilikuwa na beti nne za ngonjera kwa mwandiko wa mwalimu mmoja wa Ujiji tuliyemfahamu, ambaye alikuwa amekwisha fariki. Mafuta yalikuwa yameshalowesha beti mbili. Tulirudi kwa muuzaji. Akasema nyingine zimekwisha tangu asubuhi. Karatasi ile moja tunayo mpaka leo.

Sasa linganisha. Mwaka 1871 David Livingstone, akiwa Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa, aliishiwa na karatasi na wino. Akachukua magazeti makuukuu, akaandika juu ya maandishi yaliyopigwa chapa, akitumia wino wa matunda ya mwituni. Kwa kalamu hiyo ndiyo aliyoandika habari za mauaji yaliyofanywa katika soko la Nyangwe tarehe 15 Julai mwaka ule, kisha akarejea Ujiji, ambako Stanley alimkuta. Wino ule ulififia hata haukusomeka. Makaratasi yenyewe yakahifadhiwa Uskoti zaidi ya miaka 100, mpaka wataalamu wa vyuo vikuu walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maneno yakatokeza, na mwaka 2011 yakatolewa kwa watu wote wayasome. Gazeti kuukuu na maji ya matunda! Mtu angeliliona gazeti lile katika ofisi ya tawi letu, lingeingia kwenye gunia la kwanza.

Wako watakaosema kwamba maandishi ya Livingstone ni ya mtu mashuhuri, na mwalimu wetu wa ngonjera hakuwa mashuhuri. Hoja hiyo tunaijua, na ndiyo iliyotufikisha hapa. Maandishi ya wakubwa hayakosi mlezi. Tippu Tip, ambaye misafara yake ya pembe na watumwa ilipita katika nchi hizi, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapa mwaka 1902 na 1903. Twamsikia Tippu Tip akijisifu kwa Kiswahili safi. Wale aliowafunga minyororo hatuwasikii. Akatokea baadaye mwana wa Ujiji, Saadan Abdu Kandoro, mmoja wa watu 17 walioiunda TANU tarehe 7 Julai 1954, aliyekuwa mshairi wa kupigiwa mfano. Tunacho kitabu chake *Mwito wa Uhuru* cha mwaka 1961, na *Mashairi ya Saadani* cha mwaka 1972. Lakini kila mshairi aliyejulikana alizungukwa na wengine waliojibizana naye, waliomsahihisha vina, waliopeleka beti zao kwenye gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, zikatoka au zisitoke. Ushairi wa Kiswahili ni mazungumzo, na sisi tumehifadhi sauti za wachache kati ya waliokuwa wakizungumza.

Kuna jambo jingine linalotutia haraka. Maandishi mengi ya wazee wa Ujiji yameandikwa kwa khati za Kiarabu, kama sisi tulivyofundishwa chuoni, ubaoni, kabla hatujaingia shule ya Serikali. Anayejua khati hizo anajua ugumu wake. Irabu za Kiswahili ni tano, alama za Kiarabu ni tatu. Kasra moja yaweza kuwa *i* au *e*, dhuma moja yaweza kuwa *u* au *o*. Herufi za *p*, *ch*, *g* na *v* hazimo katika Kiarabu chenyewe, na kila mwandishi alizitafutia njia yake. Kwa hiyo hati ya namna hii haisomwi kwa macho peke yake. Lazima msomaji awe na lugha ya mahali pale, awajue watu waliotajwa, ajue jina la utani la mtaa. Bibi wa miaka 80 husoma barua ya mumewe bila kusita mahali ambapo profesa hukwama siku mbili. Akiondoka bibi huyo, barua hubaki, lakini nusu yake huondoka naye. Hata vile vitaa vya mianga ya rangi havitaweza kuirudisha nusu hiyo.

Tumezungumza na wenye masanduku. Hawakatai, lakini wana shaka, na shaka yao ina msingi. Familia moja ilituambia kwamba mgeni mmoja mwenye adabu aliazima daftari la chama cha ngoma cha nyanya yao, akaahidi kulirudisha baada ya mwezi. Mtoto aliyekuwa akinyonya siku ile leo ana watoto. Kwa watu hao, neno "utafiti" maana yake ni kuchukua. Tena wako watafiti wema ambao kazi yao ni hazina: historia ya Ujiji tangu mwaka 1800 mpaka 1914 iliandikwa na Beverly Brown kwa shahada ya Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1973, na mwaka 2022 Philip Gooding alitoa kitabu juu ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19. Lakini kazi ya kwanza iko Boston, na ya pili imeandikwa kwa Kiingereza na bei yake si ya mtu wa Gungu. Mwenye sanduku akiuliza, "Na sisi tulipata nini?" anastahili jibu la maana, wala asijibiwe kwa hotuba.

Jibu letu ni hili. Karatasi isitoke nyumbani kwa mwenyewe bila sababu. Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha ambayo Allen angelia kuiona. Kwa hiyo apelekwe mpigaji picha, ukurasa kwa ukurasa, mchana, mlango wazi, mwenye sanduku akiwa ameketi palepale. Wakati wa kupiga picha asome kwa sauti, na sauti yake irekodiwe, ili lile tatizo la khati tulilolitaja litatuliwe kabla halijawa msiba. Apewe stakabadhi yenye jina lake na jina la aliyeandika. Nakala moja iende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wako wataalamu na mahali pakavu. Nakala nyingine ibaki hapa mkoani, mahali ambapo mwanafunzi wa Ujiji anaweza kwenda kwa miguu. Barua za siri za nyumba, zenye talaka na ugomvi wa mirathi, mwenyewe ana haki ya kuziweka kando, wala asiulizwe. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 imetungwa kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi za umma. Daftari la nahodha na daftari la ngoma halina askari, isipokuwa sisi wenyewe.

Na mchwa si adui pekee. Mwaka 2020 na 2021 maji ya Ziwa yalipanda kuliko wengi wetu tulivyopata kuona, na mwaka 2024 yakapanda tena. Nyumba za ufukoni ziliingiliwa, mialo ikamezwa, watu wakahamisha magodoro na masufuria usiku. Katika nyumba moja tuliyokwenda kusaidia, sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda, na maji yalikuwa yamefika kwenye bawaba. Tulilibeba watu wawili mpaka barazani kwa jirani. Ndani mlikuwa na kanzu, hati ya kiwanja, msahafu, na chini kabisa mafungu mawili ya karatasi yaliyofungwa kwa uzi mweusi. Mwenye nyumba aliyatazama, akasema ni mambo ya baba yake aliyekuwa karani wa melini, akayatandaza juani pamoja na kanzu, kila karatasi akiwekea jiwe dogo lisipeperuke. Karibu zote zilikauka zikiwa nzima.

Mwenye sanduku la namna hiyo, katika mtaa wowote kuanzia Bangwe mpaka Katonga, na aache salamu katika ofisi ya gazeti hili. Tutakwenda kwake na simu, kalamu na kitabu cha stakabadhi, na ile karatasi ya maandazi tutaichukua pia, ipigwe picha ya kwanza.